Hajui Kihindi, anafuata nini?

Swali: Shikamoo mhariri, mi wa Ngamiani hapa Tanga, mdogo wangu kila jioni yuko banda la video na muvi za Kihindi za marobota na miujiza, Kihindi chenyewe hajui, anapata nini?

Jibu: Marahaba mwanangu. Anapata ngano, zile hadithi za kale! Chukua Kalki 2898 AD ya 2024, imeigizwa zaidi Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, ikatiwa sauti za Kihindi, humo Amitabh Bachchan ni Ashwatthama wa Mahabharata, utenzi wa kale wa India, mzee asiyekufa, amefunikwa vitambaa anazikabili mashine zinazoruka, yaani yale mazimwi ya bibi ila yamefungwa injini. Mi mwili unanisisimka kabisa. Na maneno je? Masikio yetu yameshazoea, mama akimlilia mwanae unaelewa tu. Nenda nae leo, kaeni benchi la mbele.