Anza redio, usisubiri televisheni

Dada yangu wa Kayole, umeuliza kama uanze utangazaji redioni au usubiri nafasi ya televisheni, kwa kuwa kila mtu anakusifu sura na sauti. Anza redio, tena usikawie. Kwenye redio hakuna picha ya kukufichia kigugumizi. Unajifunza kusoma habari bila kukimbia, kumwacha mgeni amalize sentensi, na kujaza dakika mbili simu ya msikilizaji inapokatika.

Msikilize marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji mkongwe wa redio nchini Kenya. Kipindi chake cha “Je, Huu ni Ungwana?” kilianza 1966 kikadumu zaidi ya nusu karne. Alizungumza na msikilizaji mmoja, kama jirani, kwa Kiswahili kisichojikweza. Hilo ndilo nakusihi ulishike kuliko yote: Kiswahili. Wengi Nairobi wana sauti nzuri lakini ngeli zinawatoroka, na mhariri hulisikia kosa kabla hajaisikia sauti.

Kozi? Ukiweza, omba nafasi chuo cha serikali cha mawasiliano pale South B, KIMC, maana huko utashika mitambo kwa mikono yako. Usilipe mtu yeyote anayekuahidi kazi, hata akiwa na ofisi nzuri mjini.

Wiki hii jirekodi ukisoma habari za dakika tatu, kisha jisikilize, inauma lakini inafunza. Ikikaa sawa, ipeleke redio za mtaani, kama Koch FM kule Korogocho, uulize kama wanapokea wanaojitolea.