Kidonda hakina tarehe, mwanangu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, nimeolewa miaka sita na nina mimba ya miezi mitano. Wiki tatu zilizopita nilitokwa na malengelenge sehemu za siri, yakapasuka yakawa vidonda, hata kukojoa ikawa kilio. Daktari kasema ni herpesi. Mume wangu hana hata kipele. Amesema nimemletea uchafu wa nje, amehamia kwa kaka yake na anataka wazee wakae kikao. Wallahi sijatoka nje ya ndoa. Nesi mmoja aliniambia ugonjwa huu ni ukoo mmoja na mkanda wa jeshi, na mama mkwe anaumwa mkanda, tena mimi ndiye ninayemwogesha. Si nimeupata kwake? Nikaseme hivyo kikaoni? – Mke wa mtu, Morogoro*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Usiseme hivyo kikaoni. Si kweli, na ukishamtia mama mkwe lawamani, hata siku mumeo akirudi hutakuwa na nyumba ya kukaa kwa amani.

Nesi hakukosea, ila alikuachia maneno nusu. Virusi vya herpesi ni ukoo kweli, na vinavyoishi kwa binadamu vinafahamika tisa. Kimoja huleta tetekuwanga utotoni, kisha miaka mingi baadaye hichohicho hurudi kama mkanda wa jeshi. Viwili vingine ndivyo vya malengelenge: aina ya kwanza huzoea mdomoni, ndiyo vile vidonda vya pembeni ya midomo mtu akipata homa, na aina ya pili huzoea sehemu za siri. Lakini kuwa ukoo mmoja si kuwa mtu mmoja. Kirusi cha mkanda hakigeuki kuwa cha malengelenge yako, hata ungemwogesha mama mkwe mwaka mzima.

Tabia ya ukoo huu ndiyo inayokusumbua wewe na mumeo. Virusi hivi vyote, vikishaingia mwilini, havitoki. Vyako vilipita kwenye ngozi, vikapanda mishipa ya fahamu mpaka kwenye vifundo vya neva karibu na uti wa mgongo, huko chini ya kiuno. Humo kirusi hulala ndani ya kiini cha seli, kimebaki uzi wa vinasaba tu uliojikunja duara. Hakizaliani, hakitoi kitu cha kukitambulisha, kwa hiyo askari wa mwili wanapita mlangoni bila kujua kuna mtu ndani. Kinaweza kulala wiki, kinaweza kulala miaka. Siku mwili ukichoka kinaamka, kinashuka kwa njia ileile ya neva hadi kwenye ngozi.

Nilipokuwa muuguzi wodini nilimwona babu mmoja mwenye mkanda wa jeshi, sikumsahau. Malengelenge yalianza chini ya chuchu ya kulia, yakazunguka ubavu, yakafika katikati ya mgongo yakakoma pale, kama mtu kapiga mstari kwa rula. Upande wa kushoto ngozi safi kabisa. Ndivyo neva zilivyo: kila moja ina eneo lake, na kirusi hufuata neva kilimolala. Babu yule tetekuwanga aliugua akiwa mtoto anachunga mbuzi. Kirusi kilikaa naye maisha yake yote na hakuna aliyejua.

Sasa mweleze mumeo hili, taratibu. Kidonda cha leo hakisemi kirusi kiliingia lini. Huenda kilikuwa kwako kabla hamjaoana. Huenda ni yeye alikuja nacho kabla ya kukujua, maana wengi wenye aina ya pili hawana habari nayo. Hawajawahi kuona kidonda, au waliona kipele wakadhani ni kuwashwa na wembe, na bado ngozi yao hutoa virusi siku nyingine bila dalili yoyote. Huenda pia ni aina ya kwanza, iliyotoka mdomoni kwake kwenye mapenzi yenu ya halali. Kutokuwa na kipele si cheti cha usafi. Na mimi, mwanangu, siwezi kukuapia kwamba mumeo hajatoka nje, kama nisivyoweza kumwapia yeye kuhusu wewe. Ninachosema ni kwamba ugonjwa huu hauwezi kuwa shahidi wa yeyote kati yenu. Hata kipimo cha damu kinaonyesha kinga ya mwili dhidi ya kirusi, hakitaji nani wala siku gani.

Hilo neno "uchafu" linaniuma. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya bilioni 3 walio chini ya miaka 50 wenye aina ya kwanza. Na kuna ndugu mwingine wa ukoo huu anayeitwa Epstein-Barr, aliyeonekana mara ya kwanza London mwaka 1964 ndani ya seli za uvimbe wa taya wa mtoto kutoka hapa jirani Uganda, ule uvimbe ambao daktari Denis Burkitt alikuwa ameuandikia kutoka Kampala. Huyo karibu kila mtu mzima anaye, wengi wetu tulimpata kwa mate tukiwa watoto. Wazee wote watakaokaa kwenye mkeka wa kikao chenu watakuwa wamebeba angalau mmoja wa ukoo huu.

Tuje kwenye mimba, ndiyo haraka kuliko kikao. Mwambie mkunga wa kliniki wazi kabisa, ukiona aibu mwandikie kwenye karatasi. Hatari kubwa kwa mtoto ni pale mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza miezi ya mwisho. Wewe una miezi mitano, mwili una muda wa kutengeneza kinga na kumpa mtoto. Daktari anaweza kukuanzishia asikloviri wiki za mwisho, na ukiwa na vidonda siku ya uchungu atashauri upasuaji. Dawa hiyo hukizuia kirusi kinapojizalisha. Kilicholala haikigusi, kwa hiyo yeyote anayekuuzia chupa ya "kukimaliza kabisa" anakuibia. Vidonda vikiwapo msikutane, hata kwa kondomu, maana haifuniki ngozi yote. Na mpime VVU wote wawili, kwa sababu vidonda hivi hurahisisha VVU kuingia.

Ndoo, choo na kanga havikuambukizi. Kirusi hiki kina ganda la nje la mafuta, sabuni hulivunja.

La mwisho ni kuhusu mama mkwe. Uliwahi kuugua tetekuwanga? Muulize mama yako leo hii. Kama hukuugua, majimaji ya malengelenge ya mkanda yanaweza kukupa tetekuwanga, na kwa mjamzito huo si ugonjwa wa kuchezea: nenda kliniki kesho asubuhi, na mpaka malengelenge yake yakauke na kushika magamba, mwombe wifi yako amwogeshe.