Kabla hujamwambia shemeji yako Pearl Jam ni takataka

Kwa karibu mwaka mzima mimi na shemeji tulikwenda kazini kwa gari moja, na mwaka huo wote tuligombania redio. Mimi ni mtu wa Nirvana tangu enzi za kanda za kaka yangu. Yeye, Pearl Jam. Zote mbili ni bendi za roki za Marekani zilizovuma miaka ya 90. Ungetusikia ungedhani ni Simba na Yanga.

Mwenye makosa nilikuwa mimi. Nilikariri kejeli za Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, aliyewahi kuwaponda Pearl Jam hadharani, nikasahau kwamba mwenyewe alishalainika: mwaka 1992, kwenye tuzo za video za MTV, yeye na Eddie Vedder, mwimbaji wa Pearl Jam, walicheza taratibu wamekumbatiana. Wenye ugomvi wamepatana zamani, mimi bado natokwa na povu kwenye foleni.

Kwa hiyo acha kuuliza bendi gani kali. Jina grunge, ambalo bendi zote hizi hubandikwa, linakufanya udhani unalinganisha vitu vya aina moja, kwa sababu tu wengi wao walitokea Seattle na miji ya jirani. Sikiliza albamu ya Ten ya Pearl Jam (1991): ile ni roki ya miaka ya 70 kabisa, na solo zake ndefu za gitaa. Nirvana walilelewa na panki, ile roki ya kasi na makelele, na albamu yao Bleach ya 1989 waliirekodi kwa dola 606 na senti kidogo. Alice in Chains, nao wa kundi hilohilo, wana damu ya metali, ile roki nzito. Mtu akipenda mmoja na kumchukia mwingine, hajakosea popote.

Swali lililotuokoa ni hili: wimbo ukianza, sikio lako linakimbilia wapi? Shemeji hakufikiri hata kidogo. "Sauti." Bila shaka! Jamaa anaimba besi kwaya ya kanisani, na mimi miezi yote nimekuwa nikimmwagia makelele ya magitaa. Kesho yake nikamwekea "No Excuses" ya Alice in Chains, kutoka Jar of Flies ya 1994, pale waimbaji wao Layne Staley na Jerry Cantrell wanapoimba sauti mbili bega kwa bega. Shemeji akanyamaza. Ubeti wa pili nikamsikia anaitafuta sauti ya tatu, kidevu kimezama kifuani kama yuko mazoezini. "Hawa mwalimu wao wa kwaya nani?"

Akanigeuzia swali. Mimi ni ngoma. Akaniwekea "Spoonman" ya Soundgarden, bendi nyingine ya grunge, nikawa nagonga dashibodi na kukosea kila mara. "Hesabu saba, shemeji, siyo nne." Nilipoipata nilikuwa nimependa kabisa, ndipo akacheka: mpiga ngoma huyo, Matt Cameron, alijiunga na Pearl Jam mwaka 1998. Hapo sikuwa na pa kutokea. Nikaanza kuwasikiliza Pearl Jam kupitia ngoma, na sauti ya Vedder, ambayo bado inanichosha, nikaiacha ipite.

Ukitaka kujaribu nyumbani, usianze na "Smells Like Teen Spirit" ya Nirvana. Kila mtu ameshaitolea hukumu. Toa wimbo mmoja kwa siku, siyo albamu nzima. Na wimbo ukipigwa, funga mdomo, hata pale unapokaribia kipande unachokipenda. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Ukishindwa mara tatu na bendi fulani, achana nayo. Mimi nilishindwa na Mudhoney, bendi nyingine ya Seattle. Nilimwekea "Touch Me I'm Sick", na kabla hata ya kiitikio akainama akauliza kama spika imepasuka. Nikajaribu kumweleza kwamba mkwaruzo ule ni makusudi, kwamba wameipa hata rekodi yao majina ya vile vifaa vya kukwaruza gitaa, Superfuzz na Big Muff. Maelezo yakaharibu zaidi.

Siku hizi Mudhoney naisikiliza nikishamshusha.