Ethanol inaishia wapi, ethanal au asidi?

SWALI: Mhariri shikamoo, niko fomu six PCB. Ethanol na potasiamu daikromati, notsi moja inasema napata ethanal (aldehaidi), nyingine asidi ya ethanoiki (asidi ya kaboksili). Nishike ipi? Na LiAlH4 (lithiamu alumini haidridi) na NaBH4 (sodiamu borohaidridi) si zote zinaongeza haidrojeni, mbona mtihani unazitenganisha?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, zote mbili ziko sawa, angalia mtambo ulivyofungwa. Ethanal inachemka kwenye nyuzi 21 hivi, ethanol 78, kwahiyo ukidondoshea daikromati yenye asidi ya salfuriki kidogo kidogo huku unakeneka, ethanal inatoka na mvuke kabla haijashambuliwa tena. Ila ukizidisha daikromati halafu kondensa ukaisimamisha wima, mvuke unarudi chupani na ethanal inaendelea mpaka asidi. Rangi haikusaidii hapo, chungwa inageuka kijani kote kote! Ukitaka kuishia kwenye aldehaidi bila wasiwasi tumia PCC (piridiniamu klorokromati, kioksidishaji kipole) ndani ya daikloromethani, hakuna maji, na aldehaidi inahitaji maji kwanza ndo iende kwenye asidi.

Hilo la pili, NaBH4 ni mpole, inaongezea haidrojeni aldehaidi na ketoni, asidi ya kaboksili haigusi, esta nayo kwa kawaida inaiacha. LiAlH4 inamaliza zote, lakini lazima etha kavu kabisa, maji yaongezwe mwishoni na kwa uangalifu, maana ikikutana nayo inatoa haidrojeni kwa nguvu na moto unawaka. Kwenye mtihani andika na mazingira, jina la kemikali peke yake halitoshi.