Kabla hajameza dozi ya TB, daktari ajue ametoka Arizona

Mkuu, umeandika kaka yako anakohoa na ana homa, anaanza dozi ya TB Jumatatu, na unauliza kuhusu watoto wa nyumbani. Kabla hajaanza, rudini kwa daktari mkamwambie ametoka Phoenix, Arizona, tena alikuwa anachimba misingi ya nyumba. Sisi umetuandikia yote hayo, ila daktari kaambiwa "kikohozi na homa" tu!

Mdogo wangu alirudi kutoka Tucson, Arizona hukohuko, anakohoa, jasho usiku, magoti yanauma, kakonda. Eksirei ikaonyesha doa kwenye pafu. Makohozi yakapimwa kwa GeneXpert, TB hakuna. Wakamwanzishia dozi vilevile. Miezi ikapita, macho yakawa njano kwa sababu ya dawa, kazi ikapotea, kikohozi kiko palepale, halafu kidonda kikamtoka shavuni. Niliuliza mapema: haiwezi kuwa kitu cha huko alikokuwa? Daktari akanijibu fangasi wa mapafu ni wa wenye UKIMWI au kansa, huyu kijana ni mzima. Jibu lile ndilo lililotugharimu, na hadi leo likinijia nakasirika.

Maana si kweli. Koksidioidesi ni fangasi anayeishi kwenye udongo mkavu wa Arizona na California, na akiingia na vumbi hachagui mwenye afya. Tetemeko la Northridge, California, la 1994 lilitimua vumbi milimani, wakaugua watu zaidi ya 200 kaunti ya Ventura. Wengi hupona wenyewe, ila sisi weusi tuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kusambaa hadi ngozi, mifupa na utando wa ubongo.

Walikata kinyama kwenye kile kidonda, hadubini ikaonyesha vifuko vya mviringo vimejaa vijimbegu, ndiye fangasi huyo. Ndipo akapewa flukonazoli, dawa ya fangasi.

Sisemi TB ifutwe, GeneXpert nayo inaweza kuikosa. Nasema vitafutwe vyote viwili. Ombeni kipimo cha damu cha kingamwili za koksidioidesi. Kikitoka hasi mapema, kirudiwe baada ya wiki chache. Maabara waambiwe kabla ya kuotesha makohozi, fangasi huyu akishaota huruka hewani na kuwadhuru wao. Mji, tarehe, kazi aliyofanya, vumbi: andika kwenye karatasi, ikae ndani ya faili lake.

Kuhusu watoto, koksidioidesi haiambukizi mtu kwa mtu, TB inaambukiza. Mpaka ijulikane, alale chumba chake, madirisha wazi. Na Jumatatu nenda naye wewe mwenyewe, mtu mwenye homa hasemi yote.