Fua Vitambaa Kabla ya Kuvikata

Ndugu, umeuliza kwa nini mfarishi wa viraka (tandiko la kitanda la vipande vya vitambaa vilivyounganishwa) uliomshonea mteja kwa ajili ya zawadi ya harusi ulikunjamana na kuchuja rangi ulipofuliwa mara ya kwanza. Kitambaa kipya cha pamba huweza kurudi, yaani kupungua ukubwa kikifuliwa, kwa asilimia 3 hadi 5, na ukiunganisha vitambaa visivyorudi kwa kiasi kimoja, mishono huvutana. Kwa hiyo vifue vyote kwanza, chekundu na cha buluu iliyokolea ukivitenga, kisha uvipige pasi ndipo ukate. Kwa mito, foronya iliyokwisha kushonwa iwe ndogo kidogo kuliko mto wenyewe, la sivyo pembe zitalegea. Jina la kutarizi, mteja akuandikie mwenyewe, herufi kwa herufi, kabla hujashika sindano.