Kwa madaktari tarajali wa zamu ya usiku: kichwa hicho kilianzaje?

Wadogo zangu, wiki hii nimepitia mafaili ya mapokezi na nimekuta tena mstari uleule: "Maumivu ya kichwa, siku 2." Basi. Hakuna aliyeandika kilianzaje. Mnajituma, nawaona mkisinzia kwenye viti alfajiri, na nawapenda kwa hilo. Lakini kwa huu mstari sitawavumilia.

1. Uliza mwanzo wake. Msiishie kuuliza kinauma kiasi gani. Ulizeni kilichukua muda gani kufika kileleni. Kikija kwa kufumba na kufumbua, hiyo ni damu inayovuja kuzunguka ubongo mpaka uthibitishe vingine.

Miaka ya nyuma, nikiwa tarajali kama ninyi, alikuja mama lishe mmoja kwa miguu yake, kashikwa mkono na mdogo wake. Alikuwa anainua sufuria ya maharage, akahisi kama kapigwa mchi kisogoni, akatapika palepale. Mdogo wake aliyaeleza yote hayo dirishani, kwa mpangilio mzuri kuliko ambavyo yeyote kati yetu angeandika. Sisi tuliona presha iliyopanda na foleni iliyofika nje. Tukapima malaria, hakuna. Tukasema ni presha, tukamwongezea dawa, tukampa diklofenaki, akaenda nyumbani. Hakuna aliyemwomba ainamishe kidevu kifuani tuone kama shingo imekakamaa. Wiki haijaisha akarudishwa hajitambui, mboni moja imetanuka, picha ya CT ya kichwa inaonyesha damu imejaa kwenye sisterna na kwenye ventrikali, yaani nafasi za maji ya ubongo. Mpasuko wa kwanza wa mshipa ulikuwa mdogo na ulitupa nafasi. Wa pili haukutupa. Alipofariki, mdogo wake hakutugombeza. Aliuliza tu kama maneno aliyoyasema dirishani yaliandikwa mahali. Tukafungua faili mbele yake, yeye akisoma pamoja nasi. Hayakuwemo. Hadi leo, aliyemleta mgonjwa namsikiliza kwanza, foleni iwe ndefu vipi.

2. CT ndani ya saa 6 za mwanzo, ikisomwa na mjuzi, hukosa damu mara chache mno. Ikipigwa siku ya tano ikawa safi, haijakwambia kitu: toa maji ya uti wa mgongo, yazungushe kwenye mashine, tazama kama yana umanjano unaoachwa na damu iliyovuja. Ila kabla saa 12 hazijapita tangu kichwa kianze, umanjano huo huenda haujatokea.

3. Kope limeanguka, mboni imetanuka, kichwa kinauma: usimwandikie kliniki ya macho Jumatatu. Huenda ni aneurizimu (ukuta wa mshipa uliodhoofika ukatuna) ya ateri unganishi ya nyuma, inayobana neva ya tatu, ile inayoendesha kope na mboni. Piga simu usiku huohuo.

4. Nimodipini, dawa ya kuukinga ubongo baada ya aneurizimu kupasuka, ni miligramu 60 kila saa 4 kwa siku 21, kwa mdomo au kwa mpira wa puani. Kila saa 4 maana yake ni pamoja na saa nane usiku, mwamsheni. Presha ikishuka, gawa iwe 30 kila saa 2 badala ya kuikata kimyakimya. Koili au klipu ya kuziba aneurizimu huzuia kupasuka tena, haizuii mishipa kusinyaa, na kati ya siku ya 4 na ya 14 tangu damu ivuje ndipo inaposinyaa. Mgonjwa aliyekuwa anaongea jana na leo kanyamaza, msiniandikie "amechoka". Na sodiamu ikishuka, msimnyime maji.

5. AVM, yaani fundo la ateri zilizoungana moja kwa moja na vena, msiichanganye na aneurizimu. Haina haraka ileile, na daraja la Spetzler na Martin la mwaka 1986, linalopima hatari ya kuipasua, mlihesabu wenyewe kabla ya raundi: ukubwa, eneo la ubongo, na kama damu yake inatokea vena za ndani. Kijana aliyeanza degedege ukubwani apigwe picha kabla hajabandikwa jina la kifafa maisha yake yote.

Na kichanga ambaye moyo wake unashindwa kazi, eko (ultrasaundi ya moyo) haionyeshi tundu wala vali mbovu: weka stethoskopu kwenye utosi. Ukisikia mvumo, fikiria kasoro ya vena ya Galen, vena kubwa ya katikati ya ubongo. Mwandalieni ultrasaundi kupitia utosi, tibuni moyo, na kichwa kikianza kukua msikimbilie shunti, mrija wa kuondoa maji ya ubongo; kwa watoto hawa inaweza kuharibu zaidi, maana tatizo liko kwenye ateri zinazomwaga damu kwa kasi ndani ya vena hiyo. Uwe Songea au Kahama, piga simu MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, kwanza, ukiwa na uzito wa mtoto, kiasi cha mkojo wake na mzingo wa kichwa mkononi.